Gauni Lisilo na Akiba

Hebu fumba macho kidogo, uone chumba kimoja chenye mlango mpana unaotazama barabara. Ni asubuhi. Jua limeingia mpaka kwenye miguu ya meza. Juu ya meza kuna cherehani ya zamani, nyeusi, ambayo maua yake ya dhahabu yamefutika pale mkono unapopita kila siku. Kuna pasi inayopata moto, kipande cha chaki ya buluu, mkasi mzito, na futi ya kupimia inayoning'inia msumarini. Kwenye kona kuna pazia la kujaribia nguo. Sakafuni vimetapakaa vipande vya vitambaa vya kila rangi.

Umekiona? Vizuri. Usiogope bado. Chumba hicho kilikuwa cha kazi na vicheko, na mwanamke aliyekuwa akiinama juu ya cherehani ile alikuwa jirani wa mama yangu mdogo. Haya ninayosimulia, mama mdogo aliyapata kutoka kinywani mwake mwenyewe.

Watu wote walimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Alikuwa mjane, na alishona pamoja na wifi yake, dada wa marehemu mumewe; wenyewe waliitana wifi, huyu kwa yule. Kazi ya Wifi ilikuwa vifungo, pindo na pasi, na zaidi ya hizo zote, kuzungumza.

"Wifi, hiyo suruali unaishona au unaibembeleza ilale?"

"Nashona taratibu ili idumu," Shangazi alijibu bila kuinua kichwa. "Wewe vifungo vyako vinadondoka mtu hajafika hata nyumbani."

"Vinadondoka kwa sababu wateja wetu wanashiba. Sasa nikashone vifungo au nikawanyang'anye sahani?"

Shangazi alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja kwa mtu yeyote. Ndani ya kila mshono aliacha akiba, yaani ukanda mwembamba wa kitambaa cha ziada, usioonekana kwa nje, ili mtoto akikua au mtu akinenepa, mshono ufumuliwe na nguo ipanuliwe. Wapo mafundi wanaokata ukanda huo ili ndani pawe nadhifu. Yeye hakukata. Alisema mwili hauombi ruhusa ya kubadilika, na nguo ya mtu yafaa imsubiri.

Desturi ya pili ilikuwa ya mafundi wote: vipande vinavyobaki ni vya fundi. Hakuna mteja aliyewahi kuviuliza.

Mpaka alipokuja Dada Mkubwa.

Wote wawili walimfahamu. Alikuwa dada wa Mwalimu, yule binti aliyefundisha darasa la kwanza katika shule iliyo mwisho wa barabara ile ile. Wazazi wao walikufa mapema, na Dada Mkubwa alimlea mdogo wake tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Mtaani alitajwa kwa heshima. Siku ile aliingia taratibu, mwembamba, mifupa ya mabega imesimama, sauti yake laini kama ya mtu anayemtuliza mtoto. Mkononi alikuwa na gauni la kijani lenye kola nyeupe.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mwalimu hajambo?"

"Hajambo sana, lakini amepungua. Homa homa tu. Gauni lake hili linampwaya kifuani, anasikia aibu mbele ya watoto. Naomba ulipunguze kidogo. Kidole kimoja kila ubavu."

"Hilo ni jambo dogo. Nitaliingiza ndani, akiba ibaki. Akipona tunafumua."

"Hapana, Shangazi." Alitabasamu. "Kata kabisa. Akiba inamkwaruza ngozi. Na vipande naomba nibaki navyo."

Shangazi alisita. "Akipona atavaa nini?"

"Akipona tutashona jingine, kubwa zaidi."

Ni jibu zuri, au sivyo? Shangazi naye aliliona zuri. Akapiga mstari wa chaki ya buluu, akabana, akakata. Alipokuwa akishona aligundua jambo ambalo hakulitilia maanani. Gauni lilikuwa na joto. Halikuwa joto la jua wala la pasi. Lilikuwa joto la nguo ambayo mtu ameivua sasa hivi.

Vipande vikatiwa kwenye mfuko. Kimoja kikateleza chini ya pedali, na hakuna aliyekiona mpaka Dada Mkubwa alipokwisha kwenda zake. Wifi alikiokota akifagia.

"Hiki kimesahauliwa. Nimkimbilie?"

"Kipande cha upana wa kiganja? Kilete hapa," alisema Shangazi. Kimto chake cha pini, kile kimto kidogo cha kuchomekea pini ambacho fundi hukifunga kwenye kifundo cha mkono, kilikuwa kimechanika. Akakivalisha kitambaa kile cha kijani, akakijaza pamba, akakifunga tena mkononi. Kikapendeza. Tangu siku hiyo, asubuhi akifungua duka, alichomeka pini zake humo. Mchana alizichomoa, akazichomeka, akazichomoa tena, na jioni akazirudisha zote kwenye kopo lake.

Dada Mkubwa alirudi. Kisha akarudi tena. Kila mara gauni lile lile, na kila mara kidole kimoja kila ubavu. Mwalimu alikuwa ameacha kwenda kazini. Shangazi alipouliza, aliambiwa hospitali hawaoni ugonjwa. Dada Mkubwa aliongea huku akilengwa na machozi, na wateja waliokuwa kwenye benchi walitikisa vichwa kwa huruma. Dada gani mwingine angehangaika hivi, mpaka nguo ya mgonjwa imkae vizuri kitandani?

Lakini Wifi alikuwa na macho yake.

"Wifi, umemtazama yule dada anayeuguza?" aliuliza siku moja akipuliza pasi. "Mashavu yale! Mara ya kwanza alikuja kama ufagio. Sasa hata kiatu kinamlilia. Nafikiri uji wa mgonjwa anakunywa yeye."

Wakacheka. Shangazi alicheka pia. Ila kicheko kilimwishia mapema, na mkono wake ukaanza kutafuta kitu juu ya meza bila kujua unatafuta nini.

Tangu hapo hakutulia. Uzi ulimkatikia pasipo sababu. Alihesabu vifungo akasahau alipofika. Gauni la kijani lilipokuwa dukani, lilipotundikwa msumarini likisubiri zamu yake, hakupenda kulipa kisogo. Mara moja, wakati wa kupitisha chaki ubavuni mwake, aliona kitambaa kikisisimka. Vinundu vidogo vidogo vilipanda juu ya kijani kile, kisha vikalala.

Alifuta miwani. Akaendelea kushona.

Aliyefungua mambo alikuwa Nesi. Alikuja kuchukua sare yake nyeupe, mchana, akiwa na haraka kama kawaida yake, akajitupa kwenye benchi.

"Nimechoka, mama zangu. Nimetoka kwa Mwalimu. Namwogesha pale, kwa sababu ni rafiki yangu, lakini nikitoka naishia kulia njiani."

"Bado anakonda?" Shangazi aliuliza.

"Anakonda kwa namna ambayo sijawahi kuiona. Mtu hukonda polepole. Yule anakonda kwa usiku mmoja, halafu anasimama hapo hapo siku kadhaa, halafu tena. Jumamosi nimemwogesha, nguo zake zote zinamkaa. Jumapili asubuhi, zote zimempwaya. Zote, isipokuwa lile gauni la kijani. Hilo peke yake linamkaa kama alishonewa jana."

Shangazi aliacha kukanyaga pedali.

"Jumamosi gani?"

"Hii iliyopita."

Gauni lile lilikuwa limetoka dukani Ijumaa. Shangazi alilipunguza yeye mwenyewe, akalikunja, akalitoa kwa mikono yake miwili. Ijumaa. Na Jumamosi Mwalimu alikuwa bado na mwili ule wa zamani.

Unaelewa, rafiki yangu? Siku zote aliamini kwamba mwili unapungua na nguo inaufuata. Sasa alielewa kwamba nguo ndiyo ilitangulia.

"Na maumivu yake ni ya ajabu," Nesi aliendelea, akivaa viatu. "Kuchomwachomwa ubavuni, kama sindano. Jumapili hayapati kabisa. Siku nyingine, asubuhi hadi jioni. Haya, kwaherini, nimechelewa."

Shangazi hakusubiri hata kufunga uzi. Alijitanda mtandio, akamwambia Wifi abaki, akatoka. Alitembea upesi mpaka wateja wake wawili wakamsalimu bila yeye kuitika, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

Nyumba ilikuwa safi. Dada Mkubwa alimkaribisha kwa mikono miwili, akamvutia kiti mpaka kando ya kitanda. Alikuwa amejaa, anang'aa, kiuno kipana, shingo ina mikunjo ya afya. Alipoketi tena, alilirudisha mapajani gauni la kijani. Mkononi alishika chaki.

"Kaa, Shangazi. Ngoja nikuletee maji."

Akatoka, lakini gauni alilibeba.

Mwalimu alilala upande mmoja. Dirisha lilikuwa wazi, na kutoka shuleni zilisikika sauti za darasa la kwanza zikiimba wimbo wa kuhesabu vidole. Midomo ya Mwalimu ilikuwa ikienda pamoja nao. Sauti haikutoka.

Shangazi aliegemea ukingo wa kitanda ili amsogelee. Uzito wake uliangukia mkono wa kushoto.

"Shangazi," Mwalimu alinong'ona. "Unanichoma."

"Sijakugusa, mwanangu."

"Unanichoma."

Shangazi aliangalia mkono wake. Kwenye kifundo, chini ya uzito wa kiganja, kimto cha kijani kilikuwa kimeminywa, na pini zimezama mpaka vichwani.

Aliinua mkono. Mwalimu akashusha pumzi.

Alichomoa pini moja, taratibu sana. Kope za Mwalimu zikalegea. Akachomoa nyingine. Bega likalegea. Alizichomoa zote, akizificha kwenye pindo la mtandio wake, na machozi yakimshuka bila sauti. Kila asubuhi, isipokuwa Jumapili duka likifungwa, alikuwa akizichomeka huku akicheka na Wifi.

Kisha aliinua kidogo shuka, kama mtu anayemfunika mgonjwa vizuri. Ubavuni mwa Mwalimu, juu ya ngozi, kulikuwa na mistari ya chaki ya buluu. Ya zamani ilikuwa imefifia, mmoja ndani ya mwingine, kama ile ya ubavuni mwa gauni. Na mmoja ulikuwa mpya. Ulikuwa bado una unga. Ulipita karibu kabisa na mfupa wa kifua.

"Unamtazama nini, Shangazi?"

Dada Mkubwa alikuwa mlangoni na glasi ya maji. Shangazi alishusha shuka.

"Namfunika. Baridi inaingia."

"Asante." Macho ya Dada Mkubwa yalishuka polepole mpaka kwenye kifundo cha mkono wake, yakakaa hapo. "Kimto hicho kizuri. Kitambaa chake kama nakijua."

"Vipande vya dukani, mwanangu. Kaa miaka mingi na mkasi, utaona vitambaa vyote vinafanana."

Alikunywa yale maji yote. Hakuyataka, lakini alikunywa.

"Kesho nakuletea gauni," alisema Dada Mkubwa akimsindikiza. "Safari hii ni ya mwisho. Nimeshapiga mstari mwenyewe."

Njiani Shangazi aliwaza kukataa. Angefunga duka, angesema anaumwa. Halafu akakumbuka ng'ambo ya barabara kulikuwa na fundi mwingine, kijana mwema, mwepesi wa mkono, ambaye hajui lolote. Gauni lingevuka barabara, basi. Lingerudi kwa Mwalimu jioni hiyo hiyo.

Alimweleza Wifi yote. Wifi hakufanya mzaha. Aliuliza tu, "Nifanye nini?"

"Mshughulishe," alisema Shangazi. "Asinitazame mikono."

Siku ya pili mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mchana ulikuwa na kiza cha jioni, na umeme ulikatika. Barabara ikawa tupu. Shangazi alikuwa amevaa gauni lake la nyumbani, jeupe la vidoti, alilolishona mwenyewe zamani. Kimto cha pini kilikuwa mapajani, kimefumuliwa. Kitambaa cha kijani kilikuwa tayari kimenyooshwa.

Dada Mkubwa aliingia bila mwavuli. Mabega yake hayakuwa yamelowa.

"Fuata mstari," alisema akilaza gauni mezani. "Leo nitasubiri hapa hapa."

Mstari ulikuwa umepita ndani kabisa, mbele na nyuma. Mtu akishona hapo, pande mbili za gauni zingegusana. Hapangebaki nafasi ya mtu.

Akakaa kwenye benchi, macho kwenye meza.

"Ala! Dada, usimame kidogo nikuone," Wifi aliruka kutoka kwenye pasi. "Umependeza hivyo halafu unavaa gunia hili? Huo mwili unataka nguo yake. Njoo nikupime, wifi yangu akimaliza hiyo, kesho anaanza yako."

"Siku nyingine."

"Siku nyingine ipi, na kiuno unacho leo? Wenzako tunatafuta kiuno kwa tochi."

Dada Mkubwa alijitazama kwenye kioo cha ukutani. Alijipapasa shingo. Alikuwa amekaa miaka mingi bila kutazamwa, na sasa alitazamwa. Akainuka. Wifi alichukua futi msumarini, akavuta pazia.

Shangazi alishika mkasi.

Hakufuata mstari. Alifumua mshono. Uzi ulitoka kwa sauti ndogo, ti, ti, ti. Gauni lilikuwa na joto kali. Alilaza kipande cha kimto kwenye uwazi wa kwapa la kulia. Akakanyaga pedali.

Nyuma ya pazia Wifi alikuwa akiongea bila kupumua. "Inua mikono. Hivyo. Kifua hiki, mashallah. Sasa kiuno. Tulia…"

Akanyamaza.

Wifi hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Wifi," alisema kwa sauti ya chini. "Futi inalegea."

Shangazi alikanyaga.

"Sijaiachia. Nimeishika. Inalegea."

Kitu kilianguka sakafuni nyuma ya pazia, laini, kama nyoka wa kitambaa. Wifi akakisukuma kwa mguu. Kikatokea chini ya pindo la pazia mpaka kwenye pedali. Ulikuwa mkanda wa kijani. Vipande vyote vilivyokatwa viliunganishwa kwa mkono, kimoja baada ya kingine, mishono mirefu, mibaya. Dada Mkubwa alikuwa ameuvaa kiunoni juu ya ngozi.

Ulikuwa unapwita.

Shangazi aliuokota. Akakata. Akalaza. Akashona. Kipande kwa kipande, kila kimoja mahali kilipotoka. Mkono wa fundi haukosei njia ya mkasi wake mwenyewe.

"Unafanya nini?"

Pazia lilivutwa. Dada Mkubwa alisimama pale, na nguo yake ilikuwa ikimtelemka mabegani. Mashavu yalikuwa yanaingia ndani. Sasa hivi. Machoni pao.

"Unafanya nini, Shangazi?"

Cherehani haikusimama.

"Ni vyangu!" Sauti ile laini ilipasuka. "Mimi sikuolewa kwa ajili yake. Sikusoma. Kila tonge niligawa mara mbili, kubwa likawa lake. Yeye akapendwa, akaitwa Mwalimu, na mimi nikaitwa dada yake. Narudisha vyangu tu. Nilijaribu kushona mwenyewe, nguo ikakataa. Inataka mkono usio na ubaya. Nikachagua wako."

"Ulimpa," Shangazi alisema. "Mtu akishapewa, ni chake."

"Acha."

Alishona.

"Acha, Shangazi. Nitakufa. Nibakishie kidogo."

Sasa sikiliza vizuri hapa. Shangazi alikuwa amefika kwenye mshono wa kwanza kabisa, ule ambao gauni lilikuja nao siku ya kwanza. Mkanda ulikuwa umekwisha. Aliona kwamba angeweza kuendelea. Nguo ya Dada Mkubwa ilikuwa inaburuta sakafuni, pindo lake limefika mpaka kwenye meza, mkasi uko wazi mkononi. Kata moja tu, na mwili wa Dada Mkubwa ungeifuata nguo. Hasira ilikuwepo, na haki ya kukasirika ilikuwepo.

Akaweka mkasi chini.

"Sikuondolei kilicho chako," alisema. "Nenda jinsi ulivyokuja."

Dada Mkubwa aliondoka akiwa mwembamba kama siku ya kwanza, nguo ameikusanya kifuani kwa ngumi. Mlangoni aligeuka. Hakumtazama Shangazi usoni. Alilitazama gauni lake, lile jeupe la vidoti, kwa makini, juu mpaka chini, kama fundi anavyotazama. Kisha akaingia kwenye mvua.

Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja. Chini ya kwapa la kushoto, karibu na moyo, gauni la kijani bado lilikuwa na tundu. Kipande chake kilikuwa kimeoza kwa jasho la mkanda, hakikushika uzi. Na kitambaa kingine hakikukubali. Wifi alileta hiki na kile, sindano ikateleza kama juu ya kioo.

Shangazi alikaa kidogo. Halafu akageuza ubavu wa gauni lake mwenyewe, akafumua mshono, akakata ile akiba aliyokuwa ameiacha zamani. Ukanda mwembamba mweupe wenye vidoti. Akaulaza kwenye tundu.

Sindano ilipita.

Hapo hapo alihisi baridi ubavuni mwake wa kushoto, kama dirisha limefunguliwa. Ikapita. Umeme ukarudi. Wakamsikia mtu anakimbia barabarani kwenye madimbwi, na Nesi akaingia amelowa chapachapa, viatu mkononi.

"Ameomba chakula!" alisema, akaanza kulia. "Mwalimu ameomba chakula!"

Dada Mkubwa hakuonekana tena nyumbani wala mtaani. Kitanda chake kilikuwa kimetandikwa. Mwalimu alimlilia sana, kwa sababu alimpenda, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia yote. Baada ya muda alirudi darasani. Alilivaa gauni la kijani lenye kiraka cha vidoti kwapani, na watoto waliposhangilia aliinua mikono yote miwili, kiraka kikaonekana.

Wifi alirudia mizaha yake. "Wifi, umekuwa upande mmoja mzito, upande mmoja mwepesi. Ukitembea barabarani unapinda kona peke yako." Shangazi alicheka. Ni kweli, upande wa kushoto ulichoka haraka. Na watoto wa darasa la kwanza walipoimba, midomo yake iliufuata wimbo ambao hakuwahi kujifunza. Aliona ni bei ndogo.

Asubuhi moja alifua, akaanika uani, akaenda kazini. Aliporudi kuanua, nguo zote zilikuwepo isipokuwa moja. Lile gauni jeupe la vidoti. Lile ambalo sasa halikuwa na akiba.

Walitafuta kwa majirani. Walitafuta chini ya ua. Wifi alisema upepo umelichukua, lakini siku ile hapakuwa na upepo, na vibanio vyake viwili vilikuwa bado kwenye kamba, vimebana hewa.

Wiki iliyofuata, Shangazi akijaribu nguo nyuma ya pazia, Wifi alisimama nyuma yake akimfungia vifungo. Mikono yake ikaganda.

"Wifi," alinong'ona. "Umejichora chaki ubavuni."

Hakuwa amejichora. Mstari ulikuwa wa buluu, umenyooka, kidole kimoja ndani. Waliuosha kwa sabuni. Waliusugua kwa kitambaa. Ulibaki, na unga wake ulikuwa mpya.

Mama mdogo anasema duka lile bado linafunguliwa kila siku, na cherehani bado inasikika. Ila kabla ya kazi, kabla hata ya kuwasha pasi, Wifi huchukua futi msumarini, akamzungushia wifi yake kiunoni, akaisoma. Siku hizi hasemi chochote anapoisoma. Huirudisha tu msumarini.

Nawe, kabla hujaenda zako, nakuomba ukumbuke jambo moja dogo. Akija mtu mwenye sauti laini, akakuambia ukate kabisa, usibakize akiba, hata kama sababu yake inasikika nzuri, usimjibu upesi. Muulize kwa upole hivyo vipande anavipeleka wapi.